Mbegu ya pili nanunua kwa hela ipi?
Mmeandika kwamba vuli imechelewa, hivyo wakulima wa Kanda ya Ziwa tupande mbegu zinazokomaa kwa muda mfupi. Sawa, ushauri mzuri. Ila mimi niko Misungwi na nilishapanda. Zilinyesha mvua mbili za nguvu, tukajua ndizo zenyewe, tukafukia mahindi. Likafuata jua la wiki tatu. Yalichomoza, yakajikunja, yakakauka. Kwenye mbegu ya dukani nimeshakula hasara, na mwenye ng'ombe wa kulimia nimeshamlipa. Hakurudishi hela huyo!

Watu wa mjini wanadhani mvua ikichelewa sisi tunasubiri tu. Mpunga hausubiri. Miche ikikaa kitaluni kupita mwezi inazeeka, hata ukija kuihamishia jarubani, kwenye shamba lenyewe la mpunga, haitoi machipukizi ya maana. Marando ya viazi nayo yanakaukia shambani, kwa hiyo hata mvua ikija huna cha kupanda.

Kinachonikera zaidi, maji ya ziwa yanayokwenda Shinyanga na Kahama yanavutwa Ihelele, wilaya hii hii yetu. Sisemi wenzetu wasinywe. Lakini mimi ziwa nalitazama kutoka shambani, halafu naomba mawingu. Pampu ya kukodi nilijaribu mwaka jana, mafuta yakamaliza faida yote ya nyanya.

Mama watoto ameshaanza kuipima michembe, vile viazi vya kukausha tulivyoweka akiba, kwa bakuli. Kama kuna mtu pande za Usagara ana marando yaliyobaki bondeni, aseme hapa, nakuja na baiskeli.