"Tumia akili" si somo

Jumamosi iliyopita nilikaa ukumbini na vijana zaidi ya arobaini, tukimsikiliza mtu mzima mwenzangu akiwaonya wasiamini kila wanachokiona mtandaoni. Aliongea karibu saa nzima: uzushi umejaa, simu zinawapoteza, mitandao ni hatari. Mwishoni binti mmoja, kama wa miaka kumi na sita hivi, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, sasa nikitumiwa video, nitajuaje kama ni ya kweli?"

Akajibiwa, "Tumia akili, mwanangu." Watu wakapiga makofi, kikao kikafungwa.

Niliondoka na donge kooni, na mpaka leo halijashuka. Yule binti aliuliza swali pekee lenye maana siku ile, tena kwa adabu, nasi wakubwa tukafunga kikao tukamwacha nalo. Akili anayo. Alichotaka ni kuonyeshwa namna ya kuitumia.

Na wala si yeye tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwahi kuwapa wanafunzi 3,446 wa sekondari nchini Marekani video iliyodai kuonyesha wizi wa kura katika uchaguzi wa kwao. Intaneti walikuwa nayo, ruhusa ya kutafuta walikuwa nayo. Video ilirekodiwa Urusi. Zaidi ya nusu wakasema ni ushahidi mzito. Waliofuatilia mpaka wakakifikia chanzo walikuwa watatu. Watatu kati ya elfu tatu na mia nne na ushee! Hao ni watoto waliozaliwa na skrini mbele ya macho yao, wale tunaopenda kuwaita kizazi cha dijitali kana kwamba kujua kubofya ni kujua kupima.

Kinachonitia moyo ni kwamba njia ipo na inafundishika. Sam Wineburg na Sarah McGrew, wa Stanford vilevile, waliwalinganisha wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na watu 10 ambao kazi yao ni kukagua ukweli wa habari. Wanahistoria wengi na wanafunzi walibaki palepale kwenye ukurasa waliopewa, wakiusoma kwa makini, wakitazama nembo, mpangilio na anwani. Ukurasa uliopambwa vizuri ukawashinda. Wakaguzi waliutupia jicho, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni akina nani, nani anawalipa, wengine wanasemaje juu yao? Ndipo wakarudi kusoma. Shuleni tumefundishwa kwamba msomaji mzuri hainui macho mpaka amalize. Mtandaoni, tabia hiyo ndiyo inayotunasa.

Hilo ni jambo la kufanyia mazoezi darasani, kwa mkono, wiki baada ya wiki. Chukua picha, ipandishe kwenye mtambo wa kutafutia mtandaoni, uone imewahi kutokea wapi. Mara ya kwanza ilionekana lini? Kichwa cha habari kinasema hivi, je, maelezo ndani yanasema hivyohivyo? Hasira hii iliyonipanda ghafla, nani alitaka inipande? Mtoto akishafanya mara ishirini, hahitaji kukumbushwa kutumia akili.

Ila kinachoniuma zaidi ya uzushi wenyewe ni vijana tunaowafundisha kushuku bila kuwafundisha kuhakiki. Kijana aliyeambiwa kila siku kwamba mtandaoni ni uongo mtupu hufika mahali akaacha kuamini chochote. Ripoti ya ukaguzi wa fedha za umma ikitoka, anasema wote ni walewale. Video halisi ya mtu akionewa ikisambaa, mtuhumiwa anadai imetengenezwa kwa akili mnemba, na kijana huyo anainua mabega na kupita. Mwongo hahitaji kuaminiwa, inamtosha mkweli asiaminiwe. Raia wa namna hiyo haulizi swali kwenye mkutano, hadai maelezo, hapigi kura, kwa sababu kudai kunataka uwe na hakika na jambo moja angalau. Tukidhani tunawalinda, tunawanyang'anya sauti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba walimu wamelemewa na ratiba imejaa. Lakini Finland, katika mtaala ulioanza kutumika 2016, haikuongeza somo jipya. Iliingiza usomaji wa aina hii ndani ya masomo yaliyopo. Hisabati inaweza kufundisha jinsi grafu inavyodanganya mhimili wake ukikatwa usianzie sifuri. Historia inajua propaganda tangu zamani. Na hili si wazo la juzi: mwaka 1982 wawakilishi wa nchi 19 walikutana Grünwald, Ujerumani Magharibi, chini ya UNESCO, wakatoa tamko kwamba vijana wafundishwe kuvisoma vyombo vya habari kwa jicho la uhakiki. Wakati huo hakukuwa hata na tovuti moja duniani.

Na tusiwasingizie vijana. Katika grupu la familia yetu, aliyetuma picha ya mafuriko ya zamani akisema ni ya asubuhi ile alikuwa mjomba wangu. Aliyegundua ni mpwa wangu wa miaka kumi na minne, akaogopa kusema kwa sababu atamsahihishaje babu yake mbele za watu? Hilo nalo lafaa kufundishwa: maneno ya heshima ya kumwambia mkubwa kwamba amekosea.

Kikao kilipoisha nilimfuata yule binti. Video iliyomsumbua alikuwa nayo kwenye simu. Tukakaa ngazini, tukakata picha moja kutoka kwenye video, tukaitafuta. Ilikuwa na umri wa miaka miwili, na maneno yaliyoandikwa juu yake yaliongezwa baadaye. Akanyamaza kidogo, akaandika kwenye grupu lao bila kumtukana mtu, akaweka linki. Nilidhani tumemaliza, nikainuka.

"Na aliyeirekodi mara ya kwanza," akauliza, "alikuwa anataka kuonyesha nini?"

Nikakaa tena.