Msomee Mtoto, Usimtahini

Mzazi wa Arusha au Moshi akimletea mtoto kitabu cha hadithi, neno la kwanza ambalo mtoto hulisikia mara nyingi ni hili: "Haya, nisomee nione." Mtoto anasimama wima, anashika kitabu kwa mikono miwili, anaanza kuunganisha silabi huku akimchungulia mzazi usoni kuona kama amepatia. Nia ya mzazi ni njema. Ada amelipa, anataka kuona matunda. Lakini hapo ndipo kitabu kinapogeuka mtihani, na mtoto aliyetahiniwa shuleni kutwa nzima hawezi kukifurahia, wala kumfurahia anayemtahini.

Ninachotetea ni kinyume chake: mzazi asome, mtoto asikilize, kila siku, dakika 10 hadi 15, bila alama wala kukaripiana. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo rasmi kwamba wazazi wahimizwe kuwasomea watoto kwa sauti tangu wakiwa wachanga, na madaktari hao hawakutaja ukuaji wa ubongo na lugha peke yake, walitaja pia uhusiano wa mzazi na mtoto. Sababu yake inaonekana kwa macho. Dakika zile mtoto amekuegemea, mnatazama picha moja, na sauti ambayo tangu asubuhi ilikuwa ya "vaa viatu", "kaoge", "acha hiyo" sasa ni sauti ya fisi mlafi anayelalamika njaa. Kwa mama mwenye kibanda soko la Kilombero mjini Arusha, au baba anayerudi kutoka Usa River kwa vifodi, yaani daladala, usiku umeshaingia, huenda hizo ndizo dakika pekee za siku ambazo mtoto hapewi amri yoyote.

Nianze na lugha, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama. Kuanzia Njiro ya Arusha hadi Shanty Town ya Moshi kuna watoto wengi wanaosoma shule za mchepuo wa Kiingereza, na mzazi anajiona analazimika kusoma Kiingereza nyumbani hata kama hakimtoki vizuri. Matokeo yake sauti inakuwa bapa, maneno magumu yanarukwa, mtoto akiuliza "kwa nini alikimbia?" jibu linakuwa fupi, na kufikia ukurasa wa nne wote wawili wamechoka. Soma kwa lugha unayocheka nayo. Kufuata kisa, kukisia kitakachofuata, kukumbuka nani alimfanyia nani nini, hayo mtoto akishayajua kwa Kiswahili huhama nayo akienda kwenye lugha nyingine. Kama ulichonacho ni kitabu cha picha cha Kiingereza, tazameni picha na umsimulie kwa Kiswahili, au kwa Kichaga au Kimeru kama ndiyo lugha ya nyumbani. Bibi asiyejua kusoma anaweza kabisa kufanya hivyo, na mara nyingi anatushinda.

Muda mzuri ni baada ya chakula cha jioni, kabla ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, maana baada ya hapo mtoto mdogo ameshalegea na mkubwa ameshavutwa na tamthilia. Zima televisheni kabisa. Kupunguza sauti hakusaidii, macho yatakwenda tu. Simu iache chumba kingine. Kaeni ubavu kwa ubavu, taa iwe nyuma ya bega lako ili kivuli cha kichwa kisiangukie ukurasa, na umeme ukikatika tochi iwekwe upande huohuo. Kazi ya kufungua kurasa mwachie mtoto. Akifungua kabla hujamaliza, ruka uendelee, kwa kuwa huyo anaongoza, na kuongoza huko ndiko kunakomrudisha kesho akiwa na kitabu mkononi bila kuitwa.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja dakika 3 hadi 5 zinamtosha, na wala hahitaji hadithi: onyesha, taja, iga mlio. Wa miaka miwili au mitatu atasimama, atazunguka meza, atarudi. Usimvute akae. Endelea kusoma, anasikia. Mzazi akigombana naye kuhusu kukaa, kitabu kinaanza kunuka adhabu.

Soma polepole kuliko unavyoongea, na kwenye nukta pumua. Vyombo vya kisa unavyo tayari: "Hadithi hadithi!" naye aitikie "Hadithi njoo!", kitu kikianguka majini kiseme "tubwi!", sungura umpe sauti nyembamba. Mtoto wa miaka minne atadai kitabu kilekile wiki nzima, nawe utachoka kabla yake. Mkubalie. Siku utakaporuka sentensi naye akakukatiza kuwa umeiacha, jua kwamba ameikariri lugha ya kitabu, yenye maneno ambayo hayasikii mnapozungumza mezani.

Maswali ndiyo yanayoharibu jioni nyingi. "Hiki nini? Rangi gani? Wako wangapi?" kila ukurasa, na mtihani umerudi kwa mlango wa nyuma. Swali moja kila baada ya kurasa mbili au tatu linatosha, na liwe lile ambalo hata wewe hujui atajibu nini: "Unadhani atafanyaje?" "Wewe ungefungua mlango?" Kisha nyamaza, uhesabu moyoni mpaka 5. Wengi wetu hatusubiri hata nusu yake, tunajibu wenyewe. Akisema "mbwa", pokea na uongeze kidogo: "Eeh, mbwa mkubwa, amekasirika." Kuuliza na kuongezea namna hii kulifanyiwa utafiti na Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 1988: watoto waliosomewa kwa mazungumzo waliendelea kilugha kuliko waliosomewa kwa kawaida.

Sasa yule wa darasa la kwanza au la pili anayetaka kusoma mwenyewe. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa irabu tano tu, hivyo mtoto aliyezishika silabi anaweza kutamka karibu neno lolote mapema sana. Hapo ndipo mzazi anapodanganyika. Chukua "hawakumwambia". Mtoto anakwenda ha-wa-ku-mwa-mbi-a, silabi sita, kidole kikisogea, na akifika kwenye "a" ya mwisho ile "ha" imeshamtoka, wakati "ha" ndiyo iliyobeba kisa chote: hakuna kati yao aliyemwambia. Ametamka sawasawa, ila hajaelewa kitu. Ukimwambia "rudia!" atarudia kwa hofu na kwa silabi zilezile. Akikwama, hesabu mpaka 5, kisha mpe neno zima, aendelee. Sentensi ikiisha, irudie wewe mwenyewe kwa mwendo wa mazungumzo, kana kwamba unaonjesha utamu wake, halafu songeni mbele. Pia pokezaneni: yeye sentensi moja, wewe ukurasa.

Kosa kubwa kuliko yote, naona, ni kuacha kumsomea mtoto anapofika darasa la tatu kwa kuwa "ameshajua". Umri huo sikio lake linaelewa visa vizito kuliko vile anavyoweza kusoma peke yake. Msomee kitabu kilichomzidi kidogo, sura moja kwa jioni, na ufunge kitabu pale panapomuuma kuachia. Faida nyingine hupatikana hapa na sioni njia nyingine ya kuipata kwa urahisi huo: mtoto wa miaka 10 hataanzisha mazungumzo kuhusu kuonewa shuleni, lakini atauliza kwa nini yule mvulana wa kwenye kitabu hakumwambia mama yake. Jibu kuhusu mvulana wa kwenye kitabu. Ukisema "unaona, na wewe ndivyo unavyofanya," hatauliza tena.

Kuna baba wanaopandisha wageni Kilimanjaro: njia ya Marangu siku 5 au 6, Machame 6 au 7, halafu wiki inayofuata tena. Rekodi kabla ya kuondoka, dakika 5 kwa kila kitabu, simu ikiwa umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, na useme "fungua" kila mwisho wa ukurasa ili mtoto akufuate na kitabu mkononi. Taja jina lake mwanzoni. Mwenye mtoto wa bweni afanye kinyume: aache sura mbili za kitabu bila kusomwa mpaka likizo.

Vitabu vitano au sita vinatosha kuanzia, viwili mezani, vingine vifichwe na vibadilishwe kila baada ya wiki mbili. Maktaba za mkoa zipo Arusha na Moshi. Tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi za picha za Kiswahili bila malipo, na unaweza kuzichapa kwenye duka la steshenari ukazibana kwa stepla. Jalada lifunike kwa nailoni, ukurasa uliochanika uzibe kwa selotepu siku hiyohiyo. Na familia zinazopanda kijijini kwao Marangu, Machame au Kibosho kwa Krismasi mwezi Desemba zibebe vitabu viwili kwenye mizigo, kimoja kibaki kwa bibi, maana wajukuu wengine watafika Pasaka.