Vijana wa Mbeya wana itikadi, ila haina kadi ya chama

Wazee wa huku kwetu hawachoki kusema kwamba vijana wa leo hawana itikadi, kazi yao ni kukimbilia fulana za kampeni. Mimi nakataa. Itikadi wanayo, ila haifanani na ya chama chochote ninachokijua.

Naona siasa ya mtu hukomaa pale anapoanza kujitafutia, na inakomazwa na yanayomkuta kuliko hotuba anazosikia. Aliyekuwa kijana Ismani mwaka 1971 hakulijua Azimio la Arusha kwa kusomewa redioni tu. Siku ya Krismasi mwaka ule, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, wakati wa vuguvugu la vijiji vya ujamaa, na baadaye Mwamwindi akanyongwa. Ukikulia kwenye habari kama hiyo, neno ujamaa halitakuwa nadharia kwako, uwe uliliunga mkono au ulilichukia.

Waliofuata walipanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 80. Hao ndio walioipokea biashara huria kwa mikono miwili huku picha ya Mwalimu ikibaki ukutani, na sioni unafiki hapo. Hata Tume ya Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991 kuuliza watu kuhusu mfumo wa vyama, takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa. Aliyezaliwa mwaka huo sasa ana watoto shuleni, na chama kimoja kwake ni swali la mtihani wa Uraia.

Mwaka 2010 Mbeya Mjini ilimpeleka bungeni Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, msanii wa hip hop, kwa tiketi ya Chadema. Wengi wakasema vijana wamehamia upinzani. Nadhani walimchagua mtu aliyeongea kama wao, na mambo ya sera yakaja nyuma. Halafu kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, ikaja kuruhusiwa Januari 2023. Aliyetimiza miaka 18 katikati ya hapo, ukiacha msimu wa kampeni, siasa aliijulia kwenye simu. Amezoea kumkatiza mwanasiasa kwa kidole akimchosha. Usitegemee huyo akae juani saa tatu akisubiri mgeni rasmi.

Sasa njoo kwenye mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Sharti la kawaida ni kikundi. Basi vijana wanaofahamiana kijiweni wanaandika katiba, wanachagua mwenyekiti na mweka hazina, wanafungua akaunti. Mzee aliyepitia ushirika akiisoma ile katiba atafurahi. Ila wakishapata pikipiki, kila mmoja na yake, na hesabu ya jioni ni siri yake. Kikundi kinakutana tena siku ya rejesho, na siku mwenzao akipata ajali: hapo wanachanga bila kuulizana, tena haraka kuliko bima yoyote.

Mjamaa huyo, au bepari? Ukimuuliza atakuuliza kama una abiria. Lakini msikilize akilalamika: anataka serikali impe mtaji, imjengee barabara, imdhibitie bei ya mafuta, kisha asimwone askari wala mtu wa ushuru. Nusu ya madai hayo ameirithi kwa babu, nusu kwa baba aliyekuwa machinga Mwanjelwa. Kuna mkanganyiko, nakiri, na sijasikia chama kinachojishughulisha kuufungua. Chama tawala kinawahubiria amani na miradi, wapinzani wanawahubiria katiba mpya. Yote yana uzito wake, lakini hakuna anayemwambia kijana huyu waziwazi kwamba barabara anayoidai inajengwa kwa ushuru anaoukimbia. Atakayethubutu kulisema hilo pale Kabwe, hapa Mbeya mjini, huenda akazomewa mwaka wa kwanza. Mimi ningempa kura.