Winter ya Minneapolis: picha ziko hapo hapo mlangoni kwako

Kila mwaka theluji ya kwanza ikidondoka hapa Minneapolis, magrupu ya wasapu ya watu wetu yanajaa selfi za majaketi, zinatumwa nyumbani, shangazi wa Tanga anaandika "jamani mwanangu funika masikio", na baada ya wiki moja basi, simu zinarudi mfukoni mpaka Aprili. Ukiuliza mbona hampigi tena unaambiwa huku hakuna cha kupiga, kila kitu kijivu, labda mtu uwe na hela ya kwenda Colorado kwenye milima. Hapo mimi nakataa kabisa.

Naelewa inakotoka hiyo fikra lakini. Nyumbani picha inakufuata yenyewe. Simama Ngamiani pale Tanga asubuhi, mama wa vitumbua yuko kibarazani na moshi wake, baiskeli inapita na mikungu ya ndizi, watoto wa shule wanakimbia, huna haja ya kutafuta kitu. Huku Januari watu wanapotea, wako ndani na hita, mtaa mzima unaona mtu mmoja anatembeza mbwa. Kwa mtu aliyezoea kwamba picha maana yake ni watu, hapo anaona hamna kitu.

Ila tuongee mwanga. Tanga jua linachomoza saa 12 hivi au na ushee mwaka mzima, ikifika saa 4 ni kali, saa 6 liko juu ya utosi, sura za watu zinakuwa na giza machoni, ndiyo maana wapiga picha wa harusi wanataka maharusi asubuhi au baada ya alasiri. Hapa mwishoni mwa Desemba jua linachomoza saa 2 kasoro, linazama saa 10 na nusu jioni, na hata saa 6 mchana halifiki nyuzi 22 juu ya upeo wa macho, yaani mwanga unakuja kwa ubavu siku nzima, kila kijiti kina kivuli kirefu, na vivuli vyenyewe juu ya theluji ni vya bluu kwa sababu kinachoviangaza ni anga na si jua. Mwanga ambao nyumbani unaupata kidogo asubuhi na jioni, huku unao mpaka wakati wa lanchi. Kwa hilo winter imetushinda na lazima tukubali.

Na mambo ya kwenda mbali, kuna mkulima wa Jericho, Vermont, Wilson Bentley, alizaliwa 1865. Januari 15, 1885 alipiga picha ya chembe moja ya theluji kwa kamera aliyoiunganisha na darubini, akaendelea mpaka alipofariki 1931, akawa na picha zaidi ya 5,000 za chembe hizo, na alizipigia hapo hapo shambani kwao. Alikuwa anazikinga kwenye ubao mweusi, anahamisha moja kwenye kioo, anapiga kabla haijayeyuka. Hakuhama!

Dada zangu mnaovaa baibui jeusi, nyinyi ubao mnatembea nao. Theluji laini ikianza mkiwa mnasubiri basi, angalieni mkono wa baibui, chembe zinakaa pale zima zima, pembe sita, na zile zenye matawi mengi mazuri zinatengenezwa mawinguni kwenye nyuzi hasi 15 za Selsiasi hivi. Nunua lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, shusha pumzi pembeni, piga haraka. Hakuna bichi nyumbani itakayokupa hiyo.

Au dirisha la ukumbi wa nyuma kwenye hizi nyumba za zamani zenye kioo kimoja. Usiku wa baridi kali unyevu wa ndani unaganda kwenye kioo, asubuhi unakuta barafu imejichora kama manyoya ya jogoo, jua likiingia kwa nyuma linawaka rangi ya chungwa. Usilikwangue kwanza.

Siku ya baridi kali na anga safi angalia jua lenyewe (kwa kuliziba na kidole gumba, macho yako muhimu). Nyoosha mkono, pima shubiri moja kulia na kushoto, wakati mwingine utaona mng'ao pande zote mbili, kama jua limeleta walinzi, ni vipande bapa vya barafu hewani vinapinda mwanga. Nimeliona kwenye paking ya duka la vyakula na watu wanasukuma toroli wala hawainui kichwa. Iliniuma kweli.

Watu nao wapo ukitaka. Nenda Bde Maka Ska, ziwa la hapa mjini, barafu ikishakuwa nene, idara ya maliasili ya jimbo inasema angalau inchi 4 za barafu safi kwa mtu wa miguu, chini ya hapo baki ukingoni. Utakuta wavuvi wametoboa mashimo, wamekaa kwenye ndoo, piga hodi kama ungempigia mvuvi wa Deep Sea kule Tanga na utaona wanavyofurahi kuongea.

Mambo ya kiufundi ni machache. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaifanya theluji kuwa kijivu, kwa hiyo ongeza mwanga stopu (kipimo cha mwanga cha kamera) moja au mbili, kwenye simu gusa theluji halafu sukuma kile kijua juu. Betri ya akiba iwe mfuko wa ndani karibu na mwili maana baridi inaimaliza. Ukirudi ndani funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache ipate joto taratibu, la sivyo lenzi inatoka jasho.

Na nyinyi wa Njombe na Makete msidhani haya ni ya Marekani tu. Mwezi wa 6 na wa 7 umande unaganda kwenye majani ya viazi, na wengi mnaupita mkienda shamba. Amkeni kabla jua halijaupata, inameni chini kabisa, pigeni mkielekea linakochomoza, halafu nitumieni nione.