Fidla ndani ya deth metali: inaongeza uzito au inaupunguza?

Kuna ubishi wa siku nyingi kati ya wasikilizaji wa deth metali (roki nzito kabisa ya magitaa makali, mwimbaji akinguruma badala ya kuimba) na nimeusikia mara nyingi mpaka nimeona niuandikie. Wapo wanaosema fidla na mambo ya okestra yameutia maji huu muziki, na wapo wanaosema bila hayo usingeijua huzuni kabisa, ungebaki na hasira tu. Wote wana hoja, ila mimi naona swali lenyewe liko pengine: fidla imepewa kazi gani humo ndani?

My Dying Bride ndio mfano ninaoujua vizuri zaidi. Ni bendi ya Uingereza, kule Bradford, ilianza 1990. Albamu yao ya kwanza, As the Flower Withers ya 1992, ina wimbo unaitwa Sear Me, sehemu kubwa ni Kilatini, magitaa mazito na mwimbaji wao Aaron Stainthorpe ananguruma. 1993 wakatoa Turn Loose the Swans, na wimbo wa kufungua ni Sear Me huohuo ila wameuvua kila kitu, hamna magitaa, hamna kunguruma, ni piano na fidla ya Martin Powell halafu Aaron anaimba taratibu, saa nyingine kama anaongea tu. Chukua hedifoni usikilize zote mbili mfululizo, utaona ule wa kwanza unakuja kukupiga, huu wa pili unakaa tu pembeni yako na hauondoki.

Sasa kwanini fidla inakubali kukaa na magitaa ya aina hii? Mtu anayenguruma haimbi tuni, sauti yake ni kama ngoma, ina nguvu na hasira ila haipandi wala kushuka kama wimbo, kwahiyo nafasi ya mwimbaji iko wazi na fidla inaichukua. Halafu kuna suala la nafasi ya sauti, uzi mnene kabisa wa fidla unaanzia karibu Hz 196 (mitetemo 196 kwa sekunde, ikizidi sauti inakuwa nyembamba) wakati gitaa la kawaida linaanzia karibu Hz 82 na hawa jamaa wanalegeza nyuzi zaidi ya hapo, yaani magitaa yanabaki chini kwenye matope na fidla inapita juu bila kugombana nayo. Na mwendo wa nyimbo zao ni wa polepole, upinde unapata muda wa kuvuta noti moja mpaka iume. Aliyezoea taarab ya Unguja hili halimshangazi, kule fidla inamfuata mwimbaji na kumjibu akinyamaza, hapa imebidi iwe mwimbaji mwenyewe.

Upande wa pili usiuchukulie poa lakini. Wanaopinga wanasema ukishafungua mlango wa uzuri deth metali yenyewe inatoka nje, na ukweli ni kwamba ndivyo ilivyotokea, kwenye The Angel and the Dark River ya 1995 kunguruma kumeisha kabisa, albamu nzima ni kuimba kawaida. Mimi naipenda hiyo albamu sana, lakini siwezi kumwambia mtu kwamba bado ni deth metali, nitakuwa namdanganya. Tena Powell alipoondoka 1998 bendi haikufa, mwaka uliofuata walitoa The Light at the End of the World, kunguruma kumerudi, mpiga fidla hamna, na huzuni imo tele. Kwahiyo anayesema huzuni haihitaji fidla ana ushahidi mkononi.

Kuhusu okestra nzima hapo ndio nakuwa mgumu kidogo. Septicflesh, bendi ya deth metali ya Ugiriki, kwenye albamu ya Communion ya 2008 walifanya kazi na okestra ya Filmharmonic ya Prague, na ni kazi kubwa kwelikweli, imeandikwa na watu wanaoijua okestra, hawajabandika tu kinanda juu ya gitaa kama wanavyofanya wengi. Ila ninachokisikia mle ni kutisha, ni ukubwa, kama jengo linakuinamia, huzuni siioni. Dramu zikikimbia vile nyuzi hazina pa kupumulia, zinakuwa ukuta mwingine juu ya ukuta. Kama kutisha ndio lengo basi wamefaulu, lakini tusiseme ni kitu kilekile na fidla moja inayolia peke yake.

Halafu kuna albamu ya Evinta, My Dying Bride waliitoa 2011 kuadhimisha miaka 20, wamechukua tuni zao za zamani wakazipanga upya kwa ala za kiokestra bila uzito wa metali. Kwa hesabu ya wanaopenda fidla hii ingetakiwa iwe kilele maana imebaki huzuni tupu. Nimeisikiliza usiku, taa nimezima, nimejitahidi, ni nzuri na inatiririka vizuri tu, lakini baada ya muda nikajikuta sina ninachokiogopa wala ninachokililia, kila kitu kimelainika. Huwa naiacha narudi Turn Loose the Swans, nakaa na ile piano na fidla mpaka Sear Me inaisha, halafu Your River inaanza na magitaa yanaingia, na ni hapo ndio nasikia fidla ilikuwa inasubiri nini muda wote ule.