Turufu ya tangu 1945

Jamani mi taarifa ya habari nimeshaacha, nimeacha mara tatu mwezi huu, na kila nikiacha nashangaa nimeiangalia mpaka hali ya hewa.

Kilichonimaliza ni lile Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Juni 2025 nimejilaza zangu wanapigia kura vita vya Gaza visimame, wako wajumbe 15, nikahesabu mikono, 14 wamekubali, nikasema hewalaa leo imeisha. Wee! Marekani peke yake akanyoosha mkono wa kukataa na azimio likafia palepale. Kumi na nne kwa moja, na moja ndo imeshinda!!! Mi hesabu sijui sana lakini hii hata mwalimu wangu aliyekuwa ananichapa angenionea huruma.

Kumbe kinaitwa kura ya turufu, yaani veto, hapana ya mkubwa mmoja inaua azimio zima. Sasa turufu mi naijua, nimekula hela za watu kwa turufu, na kwenye karata zikishachanganywa upya turufu inabadilika, leo kopa kesho shupaza, ndo utamu wenyewe. Hawa wajumbe watano wa kudumu, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, wameishika ileile tangu 1945! Miaka 80 karata hazijachanganywa, na wakati zinagawiwa mezani kulikuwa na nchi 51, leo ziko 193, karibu robo tatu ya waliokaa kucheza walikuta mchezo umeshaisha. Afrika nzima na nchi zake 54 haina kiti cha kudumu hata kimoja, tunapewa vya zamu, miaka miwili unatoka, hata kiti hakijapata joto.

Februari 2022 ndo kali. Urusi kaingia Ukraine, baraza likakaa kumlaumu, na mwenyekiti wa mwezi ule nani? Urusi huyohuyo. Kaongoza kikao cha kesi yake mwenyewe, na kura ya kumwokoa kaipiga yeye mwenyewe. Halafu mi nikichelewa kazini dakika kumi naandika barua ya maelezo.

Unasema basi wabadilishe sheria? Nami nilisema hivyo, kwa sauti kabisa, peke yangu sebuleni. Kumbe mkataba wa Umoja wa Mataifa ukitaka kuurekebisha lazima theluthi mbili ya nchi zikubali NA wale watano wote waridhie. Yaani unaenda kumwomba mtu ruhusa ya kumnyang'anya. Kuhusu hiyo turufu walichopata ni cha 2022, kwamba ukiitumia, Baraza Kuu, lile la nchi zote, linakutana ndani ya siku kumi za kazi kujadili, unaweza kuja kujieleza. Ukishajieleza unarudi nayo mfukoni.

Na msinione mtu wa kulalamika tu, hii dunia ndo ileile ambayo Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 10 mpaka visiwa vya Heard na McDonald, ambako haishi binadamu hata mmoja, ni pengwini na sili. Pengwini wa watu hata hawajui kama walikuwa wanauza kitu nje.

Sasa kosa langu nikayaleta haya nyumbani. Nikamwambia mama watoto kuanzia leo rimoti tutaipigia kura, demokrasia, watoto watatu na sisi wawili, nikawahonga watoto wote watatu, kura ikawa nne kwa moja tunaangalia mpira. Mwanamke hata hakubisha. Kaichukua rimoti taratibu, kabadilisha, tamthilia hiyo. Namuuliza na kura je? Ananiambia wewe si ulikuwa unaeleza jana, mimi mjumbe wa kudumu.

Watoto wananiangalia, hela yangu wameshakula. Nikasimama nikasema nina wasiwasi mkubwa na hali inayoendelea na nazisihi pande zote zijizuie, nikaenda kulala.