Serikali isimlipe msafirishaji wa watu, hata ikitaka kuokoa maisha

Hapa Dodoma, dereva akikamatwa na wahamiaji kwenye lori, kesi yake haihitaji maelezo mengi. Kapokea hela, kabeba watu wasio na vibali, kakutwa nao barabarani. Sijawahi kumsikia mtu kijiweni akimtetea, na mimi simtetei. Tunakumbuka Juni 2012 pale Chitego, wilayani Kongwa, ambako Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori lililokuwa likielekea Malawi. Waliokufa na waliokuwa bado hai walitupwa porini pamoja, lori likaondoka.

Je, hela za dereva wa namna hiyo zikitoka kwenye mfuko wa serikali, uhalifu unakuwa umefutika?

Swali hili limeshaulizwa kwa uzito huko mbali. Mei 2015 boti yenye watu 65 kutoka Sri Lanka, Bangladesh na Myanmar ilitoka Indonesia kuelekea New Zealand, abiria wake wakitaka kuomba hifadhi. Vyombo vya Australia viliizuia baharini. Watu wale wakahamishiwa kwenye boti mbili ndogo na kurudishwa Indonesia. Moja iliishiwa mafuta njiani, wote wakajazana kwenye nyingine, nayo ikakwama kwenye mwamba karibu na kisiwa cha Rote. Mabaharia sita walipokamatwa, polisi wa Indonesia walionyesha dola za Marekani zipatazo 32,000, na mabaharia wakasema wamepewa na maofisa wa Australia ili wageuze safari. Tony Abbott, Waziri Mkuu wa Australia wakati huo, alipoulizwa kama ni kweli, hakukubali wala hakukanusha. Alisema boti zitazuiwa kwa njia yoyote ile. Baraza la Seneti la Australia likaanzisha uchunguzi, serikali ikakataa kutoa taarifa ilizoombwa.

Tuiangalie sheria, maana ndiyo inayotajwa kijuujuu katika mabishano haya. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa wahamiaji, ambayo Australia ni mwanachama kama sisi, inasema kosa ni kuwezesha, kwa ajili ya faida ya fedha, mtu aingie kinyume cha sheria katika nchi isiyo yake. Abiria wale hawakuwa raia wa Indonesia wala hawakuwa na ruhusa ya kurudi huko. Mabaharia walilipwa wawafikishe huko. Itifaki hiyohiyo inamtaja pia mshiriki wa kosa, na yule anayepanga au kuelekeza wengine walitende. Kama maelezo ya mabaharia ni ya kweli, mtu aliyetoa zile dola na kuonyesha njia ya kupita anaangukia hapo. Shirika la haki za binadamu la Amnesty International lilifikia hoja kama hiyo Oktoba 2015, na sijaona jibu la kisheria lililoivunja. Sheria za Australia kwenyewe zinafanya kuwa kosa kumsaidia msafirishaji kwa mali au fedha, ingawa zipo pia zinazowakinga maofisa wa ujasusi wanapotenda kazi yao nje ya nchi. Kinga hiyo inamwokoa ofisa asifungwe. Haigeuzi tendo likawa halali mbele ya nchi nyingine.

Wanaotetea malipo haya wana hoja nzito moja, nami siipuuzi. Desemba 2010 boti ilipigwa na mawimbi kwenye miamba ya Christmas Island, kisiwa cha Australia, wakafa watu wapatao 50. Wanasema: kama dola elfu chache zinazuia kifo cha namna hiyo, zitoeni. Ingekuwa fedha zile zilinunua usalama wa abiria, ningenyamaza. Lakini tazama zilinunua nini: boti ndogo, mafuta haba, na nahodha ambaye serikali yenyewe humwita mhalifu, sasa kakabidhiwa tena roho 65, wakiwemo watoto na mjamzito.  Madai ya abiria ya kuomba hifadhi hayakuchunguzwa, ilhali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Wangezama njiani, marehemu wale wangekuwa wa nani?

Halafu kuna biashara yenyewe. Msafirishaji keshalipwa na abiria kabla ya kung'oa nanga. Ukimlipa tena ili arudi, umemwonyesha kwamba boti iliyojaa watu ina wateja wawili, na ni wateja hao wawili atakaowatafuta safari ijayo. Libya imetoa somo baya zaidi. Ulaya iligharamia walinzi wa pwani wa huko ili wawazuie wahamiaji, na Juni 2018 Baraza la Usalama likamwekea vikwazo kamanda wa kikosi kimoja cha walinzi hao huko Zawiya kwa kuhusika na usafirishaji huohuo wa watu.

Nalileta kwetu kwa sababu njia ya kusini, ile ya wahamiaji wanaotoka Pembe ya Afrika kwenda Afrika Kusini, inapita mlangoni petu. Tangu lami ya Babati, Kondoa hadi Dodoma ikamilike, mtu anaweza kutoka mpaka wa Kenya mpaka Mbeya akipitia hapahapa Dodoma. Shinikizo la kutumia njia ya mkato, yaani kumlipa dereva awageuze abiria, litakuja, na litakuja na wafadhili. Fikiria dereva asimamishwe usiku, apewe bahasha, aambiwe awageuze abiria kuelekea kaskazini na mlango wa kontena ufungwe tena. Baada ya Chitego, hakuna kiongozi wa mkoa huu anayeweza kudai hakujua kinachoweza kutokea humo ndani.

Fedha za umma zina njia nyingine, tena imeshatumika hapa nchini. Waethiopia waliokuwa magerezani wamesaidiwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji kurudi kwao: majina yakiandikwa, hiari yao ikiulizwa, nauli ikilipwa kwa chombo kinachojulikana. Nauli hiyo ina hesabu ambayo mkaguzi anaweza kuifungua. Bahasha ya usiku haina.

Wabunge wetu wanakutana hapahapa mjini. Naomba waandike katika sheria, kwa maneno yasiyo na mwanya, kwamba ofisa anayemlipa msafirishaji ili abebe watu, kwenda au kurudi, anashtakiwa pamoja naye, na kwamba amri kutoka juu si utetezi.